Mwalimu Kwanza, Mkanda Baadaye: Somo kwa Anayetaka Kuanza Mchezo wa Kujihami



Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi wetu mnaosomewa jarida hili na watoto wenu majumbani, mwaka huu tumeonelea tuandike juu ya jambo ambalo tunaulizwa kila mara. Vijana wanatuuliza: "Ustadhi, nataka kujifunza kareti, inafaa?" Akina baba wanatuuliza: "Mwanangu tangu ashike simu anarusha mateke uani, nimwache au nimkataze?" Na akina mama wanauliza kwa sauti ya chini zaidi: "Binti yangu anatoka shule jioni, njia yenyewe ina vichaka, atajilinda vipi?"

Maswali haya matatu yana jibu moja refu, nalo ndilo somo letu. Kwa ufupi tunasema: mchezo wa kujihami unafaa, tena una manufaa makubwa, lakini wengi wanauanza kwa mguu usiofaa. Wanaanza kwa kuchagua jina la mchezo, kwa kuwa wameliona kwenye sinema. Inavyotakiwa, mtu aanze kwa kujua lengo lake, kisha amtafute mwalimu, na jina la mchezo lije mwisho kabisa.

MWILI NI AMANA

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Aidha, katika Abu Daud na Tirmidhi kuna habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mieleka na Rukana, mtu aliyekuwa na nguvu sana Makka, akambwaga. Wanachuoni wa hadithi wameijadili isnadi ya habari hii, na Tirmidhi mwenyewe amesema haikusimama sawasawa. Hata hivyo, kujuzu kwa mieleka hakutegemei habari hiyo peke yake.

Lakini ni Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliyetueleza kwamba shujaa wa kweli si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Basi mwanafunzi ashike yote mawili pamoja, nguvu na kujizuia. Mwenye la kwanza bila la pili, mchezo wa kujihami utamfanya awe hatari kwa wadogo zake na kwa wenzake darasani.

KWANZA, JIULIZE: NATAKA NINI?

Kuna malengo ya aina tatu, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za mazoezi kila siku, na mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kwa lengo hili karibu kila mchezo unafaa. Na tuseme kweli: mtoto wa Nyamisati anayepiga kasia, anayeogelea, anayebeba maji na kwenda shamba la mpunga kwa miguu, tayari anafanya mazoezi ambayo mtoto wa mjini analipia fedha. Huyu hahitaji mchezo ili atoke jasho. Anahitaji mchezo utakaomfundisha mpango na adabu, na utakaompa viungo vinavyokunjuka.

La pili ni kujilinda. Hapa wengi hukosea, kwa sababu mchezo wa mashindano na kujilinda njiani ni vitu viwili. Katika mashindano kuna mwamuzi, kuna saa, na kuna mpinzani mmoja wa uzito wako asiye na silaha. Njiani hakuna hata kimoja katika hivyo.

La tatu ni mashindano yenyewe. Hili ni lengo la halali pia. Mtanzania Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha nchi yetu katika judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na tena Paris mwaka 2024. Lakini anayetaka mashindano ajue kwamba ni lazima awe karibu na klabu, na klabu nyingi ziko mijini.

Kama lengo lako ni kumlipizia kisasi fulani aliyekuonea, tunakuomba usianze kabisa. Njoo kwanza tuzungumze.

MICHEZO YENYEWE

Tutaieleza michezo ambayo kijana wa pwani anaweza kukutana nayo, kila mmoja na faida yake na tahadhari yake.

1. Mieleka. Huu ndio mchezo mkongwe kuliko yote, na hauhitaji kitu isipokuwa mahali laini. Unafundisha kusimama imara, kushika na kumdhibiti mtu bila kumpiga. Tahadhari yake ni shingo na viungo. Watoto wasikabane koo, wala wasipindane mikono bila ya mkubwa anayejua kusimamia. Na mieleka ya kwenye televisheni, ya kurukiana kutoka juu ya kamba, ni maonyesho yaliyopangwa, asiigize mtu.

2. Judo. Mjapani Jigoro Kano aliuanzisha mwaka 1882 kutokana na mieleka ya kale ya nchini kwake. Aliondoa mbinu za kuumiza, akabakisha kubwaga, kushikilia chini na kumfanya mpinzani asalimu amri. Katika mashindano ya judo hakuna ngumi wala teke. Uliingia Olimpiki mwaka 1964, na wanawake wakapewa medali zao rasmi mwaka 1992. Jirani zetu wa Zanzibar wanaujua vizuri. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alihamia Zanzibar mwaka 1987, na tangu miaka ya 1990 amekuwa akiwafundisha vijana wa visiwani judo. Tunamtaja kwa sababu mji ule, kama kijiji chetu, ni wa Waislamu kwa walio wengi, na vijana wake wameupokea mchezo huo bila ya kuiacha dini yao. Tahadhari ya judo ni kwamba hauchezwi juu ya ardhi ngumu. Unahitaji magodoro maalumu na mwalimu.

3. Karate. Asili yake ni kisiwa cha Okinawa, na mwaka 1922 Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo, ikaenea Japani nzima. Katika Tanzania jina linalokumbukwa ni la Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu katika shule ya Zanaki, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wameieneza karate katika nchi yetu. Faida ya karate ni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi hufanywa peke yako au kwa mstari, bila kugusana, hivyo inawafaa watoto na watu wazima pamoja. Inafundisha subira, kwa kuwa pigo moja hurudiwa mara mamia. Tahadhari yake ni kudhani kwamba kupiga hewa ni sawa na kupiga mtu. Aliyefanya miaka miwili bila ya kufanya mazoezi na mwenzake atashangaa siku ya kwanza atakaposhikwa ukosi.

4. Taekwondo. Huu umetoka Korea, na miguu ndiyo inayotumika zaidi. Uliingia Olimpiki rasmi mwaka 2000 kule Sydney. Unakunjua viungo na unafurahisha watoto. Tahadhari yake ni mateke ya kichwani wakati wa mashindano, na kwa kujilinda, teke la juu njiani penye matope au utelezi humwangusha mpigaji mwenyewe. Wenyeji wa delta hawahitaji kuelezwa zaidi.

5. Ngumi. Nchi yetu ina sifa katika mchezo huu. Titus Simba alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akapata ya dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Mazoezi yake ya kuruka kamba, kukimbia na kupiga gunia ni katika mazoezi bora kabisa ya pumzi na miguu. Ama mapambano yenyewe yana matatizo mawili. Kwanza, Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Pili, ubongo unaotikiswa mara kwa mara hudhurika, na madhara mengine huonekana baada ya miaka mingi. Ndiyo maana mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka liliazimia kwamba ngumi kama zinavyochezwa katika mashindano ya leo hazijuzu. Sisi tunasema: chukua kamba na gunia, acha kichwa cha mwenzako.

6. Mchezo wa fimbo. Tusisahau cha kwetu. Lamu na Unguja wanaujua mchezo wa kirumbizi, ambao wachezaji wawili wanakabiliana kwa bakora huku ngoma na zumari vikipigwa. Kule Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, na yakiisha yamekwisha. Mambo ya mila yana mjadala wake, na hatuingii huko leo. Tunachotaka mwanafunzi akione ni kwamba wazee wa pwani walijua kuwa mapigano bila kanuni ni ugomvi, na mapigano yenye kanuni ni mafunzo. Usidhani kwamba elimu ya kujihami ni ya Wajapani tu.

JAMBO LA KWANZA KUJIFUNZA NI KUANGUKA

Wanafunzi wengi wanashangaa wakiambiwa kwamba katika judo, mwanafunzi mpya haanzi kwa kubwaga watu. Anaanza kwa kubwagwa. Anafundishwa kukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, kujiviringisha kama tairi badala ya kujikaza kama gogo, na kupiga ardhi kwa mkono mzima badala ya kutanguliza kiganja. Anayetanguliza kiganja huvunjika kifundo cha mkono au mfupa wa mtulinga.

Sasa tufikiri pamoja. Katika kijiji chetu, mtu hupigwa na adui mara ngapi katika maisha yake? Wengi wetu hata mara moja haijatokea. Na mtu huanguka mara ngapi? Anaanguka kwenye ubao wa kupandia boti ya Mafia kukiwa na mawimbi. Anaanguka gatini palipolowa. Anaanguka na baiskeli, na bodaboda katika barabara ya kwenda Bungu wakati wa masika. Anateleza kwenye matope ya mikoko akiwa na mzigo kichwani. Aliyejifunza kuanguka anaitumia elimu hiyo mpaka uzeeni, na huenda ikamwokoa kuliko mateke elfu. Kwa hiyo mwalimu yeyote wa michezo ya kubwagana asiyeanza na somo la kuanguka, mwulize kwa nini.

Zoezi hili laweza kuanzwa hapa hapa, chini ya usimamizi wa mkubwa, juu ya mchanga laini au mabua ya mpunga yaliyolazwa kwa wingi. Anza ukiwa umechuchumaa, si umesimama. Ukiumia shingo au kuhisi kizunguzungu, simama siku hiyo.

MWALIMU KWANZA

Mchezo mzuri kwa mwalimu mbaya ni balaa, na mchezo wa kawaida kwa mwalimu mzuri ni neema. Mzazi, kabla hujatoa ada wala hujamwacha mtoto, nenda mwenyewe ukakae na kutazama somo zima. Jiulize haya:

(a) Je, yeye mwenyewe alifundishwa na nani, na anakubali kusema? Mwalimu wa kweli anamtaja mwalimu wake, kama sisi tunavyotaja masheikh tuliosoma kwao.

(b) Je, wanafunzi wake wa zamani wapo? Nao wana adabu gani nje ya mazoezi? Waangalie hao kuliko kuangalia mikanda iliyotundikwa ukutani.

(c) Je, wadogo wanachanganywa na wakubwa katika kubwagana? Hilo halifai.

(d) Mtoto akisema ameumia, mwalimu anasimamisha au anamcheka?

(e) Je, anaahidi mkanda mweusi kwa muda mfupi ukilipa zaidi? Mkanda mweusi ni kazi ya miaka. Unaouzwa kwa miezi ni kipande cha nguo.

(f) Je, mazoezi yanafanyika mahali pa wazi, ambapo mzazi anaweza kuingia wakati wowote? Akikataa mzazi kuingia, mchukue mtoto wako mwende nyumbani.

Kuhusu hili la mwisho tunataka kusema zaidi kidogo. Wakazi wa Kibiti na Rufiji hatujasahau miaka ya 2016 na 2017, pale askari, viongozi wa vijiji na raia walipouawa na watu wakalala kwa hofu. Baada ya mambo kama yale, kundi la vijana wanaofanya mazoezi ya mapigano vichakani, hata wakiwa na nia safi kama maziwa, linawatia wazazi wao na kijiji kizima katika mashaka. Kwa hiyo msimamo wetu hauna kona: hakuna mazoezi ya siri. Yafanyike mchana, uwanjani au shuleni, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wakiwa na habari, majina ya wanafunzi yameandikwa na wazazi wameridhia. Na mtu yeyote atakayekwambia, "Tunakufundisha, lakini usimwambie baba," huyo si mwalimu. Rudi nyumbani, na umwambie baba siku hiyo hiyo.

ADABU ZA DINI KATIKA MAZOEZI

Michezo ya Kijapani na Kikorea ina desturi ya kuinama kumsalimu mwalimu na mwenzako. Wapo wanachuoni waliokataza, kwa kuwa kuinama kwa namna ya rukuu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na wapo walioiona kuwa ni salamu tu ya watu wale. Sisi tunashauri mwanafunzi atoke katika khitilafu: amweleze mwalimu kwa adabu kabla ya kuanza kwamba atasalimu kwa kichwa kidogo au kwa mkono. Walimu wengi hawana tabu na hilo. Kuinamia picha iliyotundikwa ukutani, hilo aliache kabisa.

Nguo za mazoezi za judo na karate ni pana na zinasitiri. Wasichana wasidhani kwamba hijabu inawazuia. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo akiwa amefunika nywele kwa kofia maalumu isiyokaba. Lakini mtandio wa pini usitumike katika mazoezi ya kushikana, kwani pini huchoma na kitambaa kirefu hukaba. Wavulana na wasichana wasifanye pamoja mazoezi ya kushikana. Wasichana wawe na mwalimu mwanamke, au dada mkubwa aliyefundishwa.

Mazoezi yasile wakati wa swala wala wa darasa. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yawe mepesi, na bora yafanywe karibu na futari au baada ya tarawehe, si saa nane ya mchana.

AFYA KABLA YA KUANZA

Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa wa selimundu. Mtoto mwenye selimundu, pumu, kifafa au tatizo la moyo asianze mpaka daktari aseme, na mwalimu aambiwe. Si kwamba haruhusiwi kabisa, bali anahitaji maji mengi, mapumziko na kiasi. Yeyote aliyegonga kichwa, kisha akatapika, akasahau mambo au akasinzia kupita kawaida, apelekwe kituo cha afya haraka. Asiambiwe "jikaze".

SIKU YA SHARI

Tuje sasa katika kujilinda kwenyewe. Tutasema mambo manne.

La kwanza ni kuepuka. Pigano unaloweza kulikwepa ukalikwepa, umeshinda. Usipite peke yako njia unayoihofia. Pita na wenzako, na nyumbani wajue saa ya kurudi.

La pili ni sauti na miguu. Mtu mbaya hutaka kimya. Piga kelele za kuita watu, kisha kimbia uende penye watu. Ukishikwa, lengo la kila pigo ni upate nafasi ya kukimbia, si kumwangusha yule mtu ukae kumtazama.

La tatu ni silaha. Hakuna mchezo utakaomfanya mwanafunzi wa mwaka mmoja awe salama mbele ya panga. Akitaka simu, mpe simu. Simu inanunuliwa. Anayekufundisha kupokonya panga katika wiki ya pili anakudanganya.

La nne ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inampa mtu haki ya kujilinda kwa nguvu za kadiri zinazohitajika tu. Akizidisha, anawajibika, na akiua kwa kuzidisha, ni kosa la kuua bila kukusudia. Mtu aliyekwisha kuanguka au kukimbia si tishio tena. Ukimfuata na kumpiga, wewe ndiye mwenye kesi sasa, duniani na Akhera.

NENO KWA WASICHANA NA MAMA ZAO

Katika mitaa ya Nairobi yenye dhiki, yamefanywa mafunzo ya kuwafundisha wasichana wa sekondari kujilinda dhidi ya wabakaji. Muda wake ni wa saa chache tu, uliogawanywa katika vipindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wasichana waliofundishwa walisema wamewahi kuitumia elimu ile kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata. Mafunzo yale yanaanza na kutambua hatari, kusema hapana kwa sauti thabiti na kupiga kelele. Pigo la mkono linakuja baadaye. Hata bibi wazee wa Korogocho walifundishwa, katika kikundi kinachoitwa Shosho Jikinge.

Somo tunalolipata hapo ni kwamba binti hahitaji kusubiri mkanda wowote ili ajilinde. Anahitaji kuambiwa na mama yake, waziwazi, kwamba mwili wake ni wake, na kwamba akiguswa ana haki ya kupiga kelele hata kama anayemgusa ni mtu mzima, ni jamaa, au ni mwalimu. Ndiyo, hata mwalimu, na sisi walimu tunaliandika hili kwa mkono wetu. Na baada ya kusema, aaminiwe. Msichana aliyejifunza kupiga kelele, kisha nyumbani akaambiwa "nyamaza, utatuaibisha", mmemnyang'anya ngao yake.

MIEZI MITATU YA MWANZO

Kwa anayeanza leo, hapa kijijini, tunapendekeza hivi:

Mwezi wa kwanza: siku tatu kwa wiki, kimbia au tembea kwa haraka dakika 20, kunja na kunjua viungo dakika 10, ruka kamba. Asiyejua kuogelea ajifunze, akiwa na mkubwa, mahali panapojulikana kuwa ni salama na hapana mamba. Katika delta, asiyejua kuogelea ana mwanya mkubwa katika kujilinda kwake.

Mwezi wa pili: ongeza zoezi la kuanguka na mieleka myepesi ya kusukumana, mkubwa akiwapo.

Mwezi wa tatu: ukiona bado una hamu, sasa ndipo umtafute mwalimu. Ukiwa na ndugu Dar es Salaam au Zanzibar na unakwenda likizo, mzazi wako akakutazamie klabu kwa maswali tuliyoyaorodhesha. Wenye hamu ya sinema tu, kwa uzoefu wetu, hawafiki mwezi wa tatu. Na anayefika ameshajenga pumzi na miguu, hivyo mwalimu atampokea kwa furaha.

Kama unatutaka tutaje mchezo mmoja kwa mwanafunzi wetu anayeanza, tunasema judo au mieleka kwanza, kwa kuwa inafundisha kuanguka, inamdhibiti mtu bila kumpiga uso, na unaweza kuufanya kwa nguvu zako zote bila kumvunja mwenzako. Lakini ukimpata mwalimu mwema wa karate na usipate wa judo, nenda kwa mwalimu mwema.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja malengo matatu ya kujifunza mchezo wa kujihami. Lako ni lipi?
2. Kwa nini mwanafunzi wa judo anaanza kwa kujifunza kuanguka? Toa mifano miwili ya hapa kijijini.
3. Ni nini tofauti ya mazoezi ya ngumi na mapambano ya ngumi kwa mtazamo wa dini?
4. Rafiki yako amealikwa kwenye mazoezi ya usiku na kuambiwa asiseme nyumbani. Utamshauri nini?
5. Mkwapuaji ameanguka na simu yako umeipata. Sheria inakuruhusu kufanya nini, na haikuruhusu nini?

Wanafunzi wa madarasa ya juu waandike majibu kwenye daftari na wayajadili nyumbani pamoja na wazazi wao kabla ya kuyaleta darasani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu katika miili yetu, na atupe nguvu zaidi za kuzizuia. Wabillahi tawfiq.